Rosalie Hasikii

Katika ofisi ya kampuni moja ya chai, pale Ibanda karibu na ziwa, Évariste Namegabe alijulikana kwa jambo moja: barua aliyoipiga kwa mashine hairudishwi. Alikuwa na jicho la makosa. Hata Wazungu walimpa barua zao azipitie kabla ya kutia sahihi, naye aliwaonyesha kwa heshima mahali herufi iliporuka. Alizaliwa Luhwindja, mtoto wa mchimba dhahabu aliyekufa kwa kikohozi, akasomeshwa na mapadri, akashuka Bukavu mwaka wa arobaini na mbili akiwa na suruali moja na mwandiko mzuri. Miaka kumi na minne baadaye alikuwa na baiskeli, nyumba ya matofali kule Bagira, mke aitwaye Adolphine, na mabinti wawili: Constance wa miaka kumi na miwili, na Rosalie wa miaka minane.

Kilichobaki ni karte, kitambulisho ambacho serikali ilimpa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa mstaarabu. Watu wa Bagira waliiita hivyo tu, bila kuongeza neno. Mwenye nayo hakusimamishwa na polisi ovyo, na madukani hakuambiwa angojee nje. Serikali ilitaka kwanza kuhakikisha kwamba mwombaji anaishi kama Mzungu hata nyumbani kwake, kwa hiyo kamati ilikuja kutazama. Évariste alipeleka maombi yake Januari, mwaka wa hamsini na sita. Rafiki yake Isidore, aliyekuwa na karte tangu zamani na sasa alikaa katika kamati hiyo, alimweleza watakachotazama.

"Bataangalia choo, bataangalia mashuka, bataangalia kama muko na uma na visu," Isidore alisema. "Ile yote si kitu. Kinachoangusha batu ni batoto. Madame wa kamati atauliza mutoto swali moja ndogo kwa Kifaransa. Mutoto akijibu muzuri, kama mutoto mwenye kuzoea, umepita. Akiangalia chini, umeanguka."

Évariste alirudi Bagira na neno hilo kichwani. Jioni ileile aliita familia mezani akatangaza sheria. Tangu baiskeli yake inapoegemezwa ukutani hadi sala ya kulala, katika nyumba hii ni Kifaransa tu. Si Kiswahili, si Mashi. Atakayekosea anasimama, anachukua sahani yake, anakwenda kula jikoni.

Adolphine alikuwa anapakua maharagwe. Kifaransa chake kilikuwa bonjour, merci, na maneno mengine machache aliyofundishwa foyer, shule ya akina mama ya masista, mengi yao ya kupiga pasi.

"Papa Constance, na mimi je?"

"Utajifunza."

"Nikiwa najifunza, batoto bataongea na nani?"

"Na mimi," alisema Évariste. Kisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amevunja sheria, alirudia kwa Kifaransa.

Adolphine alichukua sahani yake, akaenda jikoni bila kufukuzwa. Tangu siku hiyo alikula huko.

Kabla ya hapo, meza ile ilikuwa ya Rosalie. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Alisimulia mambo ya shule huku ugali ukipoa mkononi: sista aliyekaa juu ya chaki, msichana aliyelala wakati wa sala akajibu "amina" peke yake, mbwa wa padri aliyeingia darasani. Adolphine alicheka mpaka akashika mbavu, na Évariste alijifanya anasoma gazeti. Sasa mtoto huyo alikaa wima kama mgeni. Alijua Kifaransa cha kuhesabu na cha kuomba chumvi, lakini hakujua Kifaransa cha mbwa wa padri. Wiki ya kwanza alifukuzwa mezani mara tano. Wiki ya pili hakufukuzwa hata mara moja, kwa sababu hakusema kitu.

Évariste alipendezwa. Alimwambia Isidore kwamba nyumba yake imetulia na watoto wamepata adabu.

Lakini baada ya wiki chache Rosalie alianza jambo jipya. Aliitwa, hakuitika. Papa yake alimwambia alete maji, akaendelea kutazama sahani yake. Alimwuliza swali, akamjibu jingine, au akatabasamu tu. Évariste alimpa vitenzi vya kuandika mara hamsini. Akaandika vyote bila kosa, na kesho yake akaitwa tena, na tena hakuitika. Hapo Évariste alimshika begani, akamgeuza uso, na akasema jambo ambalo yeye mwenyewe alilisahau kabla ya kumaliza chakula.

"Kamati ikituangusha kwa sababu yako, nitakutuma Luhwindja kwa koko yako, mama yangu. Utalima viazi kule. Shule itakwisha."

Hilo Rosalie alilisikia vizuri, kwa kuwa uso wa papa yake ulikuwa karibu sana. Na Évariste alilisema kwa Kiswahili, ili lieleweke.

Ukweli ulikuwa huu. Mwezi wa kwanza, wakati wa mafua, sikio la kushoto la Rosalie lilitoa usaha. Adolphine alilidondoshea mafuta vuguvugu siku tatu, usaha ukakauka, naye akashukuru Mungu. Lakini ugonjwa haukutoka, uliingia ndani zaidi. Mtoto alianza kusikia kama mtu aliye chini ya maji. Kisha maumivu yakaja nyuma ya sikio, na uvimbe mdogo, mgumu. Adolphine aliona kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Jioni moja alisimama mlangoni mwa sebule na kusema:

"Papa Constance, uyu Rosalie hasikii."

"Najua," alijibu Évariste. "Kichwa yake iko nguvu. Lakini atasikia tu."

Adolphine alitaka kusema kwamba si kusikia huko anakomaanisha. Mume wake alikuwa tayari ameinua kidole kumkumbusha sheria. Alirudi jikoni akiwa amekunja midomo, akajiambia pengine ni uzito wa mafua tu. Alipomwuliza Rosalie mwenyewe, mtoto alisema kwamba hana kitu. Alikuwa amekwisha kuweka hesabu yake: mtoto mgonjwa ataangusha kamati, na kamati ikianguka, ni Luhwindja.

Aliyeujua ukweli wote alikuwa Constance. Walilala kitanda kimoja. Aliona doa la njano kwenye mto, akageuza mto juu chini kabla mama yao hajaingia. Alimsikia mdogo wake akiguna usingizini. Rosalie alimwapisha asiseme. Constance aliapa, na siku nne baadaye, hofu ikiwa imezidi kiapo chake, aliamua kusema.

Alifanya kama papa yake alivyotaka. Njiani akitoka shuleni alitunga sentensi kwa Kifaransa, ile ya kusema kwamba Rosalie hasikii, akairudia kwa sauti ndogo mpaka mlangoni. Évariste alikuwa kitini na gazeti lake.

"Papa," alisema Constance, "Rosalie, il n'entend pas."

Évariste aliinua kidole. "Il?"

Constance alitazama kidole kile. Papa yake alimwuliza, kwa Kifaransa, kama Rosalie ni mvulana.

"Elle," alisema Constance. "Rosalie, elle n'entend pas."

"Ondoa hilo elle, jina limetosha," alimweleza, bado kwa Kifaransa. "Rosalie n'entend pas. Rudia."

"Rosalie n'entend pas."

"Très bien, ma fille."

Constance alibaki amesimama mbele ya kiti, akingoja. Papa yake aligeuza ukurasa.

Kamati ilikuja Jumamosi ya pili ya Machi, saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Bagira ilikuwa tope tupu, hivyo Évariste aliweka magunia mawili mlangoni. Adolphine alikuwa amepiga pasi kila kitu kinachoweza kupigwa pasi. Rosalie alikuwa na homa tangu asubuhi. Alimwambia mama yake kwamba anasikia baridi, akaomba kitambaa cha kichwa, na Constance alimfunga, akivuta pembe ishuke nyuma ya sikio.

"Leo tu," Rosalie alinong'ona. "Bakishaenda, utamwambia mama."

Walikuja watatu: Bwana mmoja wa serikali mwenye daftari, Madame mmoja wa mambo ya jamii, na Isidore aliyevaa tai na kujifanya hamjui Évariste sana. Gari lao lilisimama nje, na dereva akabaki usukani. Bwana alifungua kabati, akatazama mashuka, akaenda nyuma kutazama choo, akaandika. Madame aliinua uma mmoja akauangalia kwenye mwanga. Évariste alijibu maswali yote amesimama, kwa Kifaransa kisicho na doa, na Isidore alimpa ishara ndogo ya macho kwamba mambo yanakwenda.

Kisha Madame alikaa kwenye kiti kando ya Rosalie. Alikaa upande wa kushoto.

"Comment t'appelles-tu, ma petite?"

Rosalie alitazama mbele. Madame alirudia lile swali la jina kwa sauti ya upole. Évariste aliinama kidogo. Aliita, "Rosalie," na mtoto akageuka, akaona nyuso zote zinamtazama, akajua kwamba ameulizwa. Alichagua jibu aliloona linafaa, la umri wake.

"Huit ans, madame."

Madame alicheka kidogo. Haidhuru, alisema, mtoto ana haraka ya kukua. Akauliza la pili, anachopenda shuleni. Rosalie alimtazama midomo, akatafuta, akasema:

"Merci, madame."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana aliinua macho kutoka kwenye daftari. Isidore alitazama viatu vyake. Évariste alipiga hatua mbili na sauti yake ikatoka ile ya wiki zote, ya chini na kali. Alimwambia Rosalie kwa Kifaransa asimame na ajibu alichoulizwa. Mtoto hakusikia maneno, aliona uso. Alirudi nyuma kwenye kiti akaweka mkono juu ya kichwa kama anayejikinga, na mkono ulipogusa uvimbe, alipiga kelele.

"Papa, hasikii!"

Alikuwa Constance. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, akipaza sauti kwa Kiswahili mbele ya kamati.

"Hasikii, papa! Sikio yake inaoza! Inatoka usaha, iko na homa, usiku halali! Nilikuambia. Nilikuambia na Kifaransa, ukaniambia niondoe elle!"

Bwana alimgeukia Isidore akamwuliza mtoto amesema nini. Isidore alifungua mdomo, akamtazama Évariste, akaufunga.

Adolphine alikuwa amefika mlangoni na birika la kahawa mkononi. Alilitua sakafuni palepale alipokuwa. Lakini Évariste alifika wa kwanza. Alipiga magoti, akafungua kitambaa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mwekundu, unang'aa, na sikio zima lilikuwa limesukumwa mbele kama mlango ulioachwa wazi.

"Mwana wangu," alisema. "Inakuuma tangu lini?"

Rosalie hakujibu. Évariste alikuwa upande wa kushoto. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alizunguka kwa magoti yake, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, na kuuliza tena.

"Papa," alisema Rosalie, "usinitume Luhwindja."

Évariste alimnyanyua. Hakuomba ruhusa kwa Bwana wala kwa Madame, alipita kati yao na kutoka. Barabarani alisimama na mtoto mikononi, akitazama huku na huku, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali kule mjini na yeye alikuwa na baiskeli. Isidore alimfuata mbio, akafungua mlango wa gari la kamati, akamwambia dereva neno moja. Adolphine aliingia, Constance akaingia bila viatu. Madame alikuwa ametoka hadi kwenye magunia. Aliwapungia mkono waende. Bwana alibaki ndani na daftari lake.

Daktari alikuwa Mbelgiji kijana aliyechoka. Alitazama sikio mara moja tu, akaanza kuuliza haraka. Usaha ulianza lini? Ulikatika lini? Homa ni ya siku ngapi? Ametapika? Anasikia kizunguzungu? Évariste alielewa kila neno la Kifaransa kile, na hakuwa na jibu hata moja. Alijua kwamba Rosalie hukosea kitenzi cha kuja katika wakati uliopita, lakini tangu lini alikuwa na homa hakujua.

Alimgeukia Constance.

"Sema," alimwambia. "Sema na Kiswahili. Sema yote."

Constance alisema. Aliongea kuhusu mto, na usiku ambao Rosalie alilala ameketi, na namna alivyojigonga mlangoni kwa kizunguzungu wakasema ameteleza, na kutapika njiani kwenda shule siku ya Alhamisi. Alisema maneno yake ovyo, mengine ya Mashi, akirudi nyuma na kuanza upya. Évariste alitafsiri sentensi kwa sentensi.

Waliambiwa kwamba ugonjwa umeingia kwenye mfupa nyuma ya sikio, kwamba atapasuliwa sasa hivi kabla ya giza, na kwamba kama wangekuja Jumatatu isingefaa. Daktari hakuahidi. Mlango ulifungwa.

Kwenye benchi la korido, Adolphine aliongea polepole, bila kumtazama mume wake.

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema. "Mama wa mutoto, ku nyumba yangu, jikoni. Sikuona Rosalie akikula. Ningekuwa ku meza, ningeona anatafuna upande moja."

"Maman Constance..."

"Bado. Sijamaliza."

Naye Adolphine alimaliza. Aliyosema yalikuwa mengi na Constance, aliyekuwa kati yao, hakuwahi kuyarudia kwa mtu. Daktari alipotoka akifuta mikono, Évariste alisimama.

Rosalie alipona. Alikaa hospitalini wiki tatu akichomwa sindano za penisilini, akatoka na kovu nyuma ya sikio. Upande wa kushoto haukusikia tena.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo nyumba ile ilijaa maneno. Haikuwa hivyo. Évariste alifuta sheria yake, Adolphine alirudi mezani, lakini watoto walikuwa wamejifunza kunyamaza na hawakusahau upesi. Kila jioni aliuliza kwa Kiswahili, shule imekwendaje, na kila jioni walijibu pamoja, "Muzuri, papa." Akiuliza zaidi, walitazamana. Siku moja alikasirika, akapiga meza kwamba anataka waongee, na Rosalie akaruka kitini kwa hofu. Évariste alitoka nje akakaa karibu na baiskeli yake mpaka chakula kikapoa.

Jambo lilianza kulegea kwa bahati mbaya ya kazini. Mwezi wa tano alipiga barua ya Dar es Salaam akasahau mstari mzima, na barua ikaenda hivyohivyo. Bwana wake alimwita mbele ya makarani wengine, akamkemea kama mtoto wa shule. Jioni alikaa mezani bila kugusa ugali. Adolphine alimwuliza ana nini. Zamani angesema si kitu. Safari hii aliangalia ugali wake na kusimulia yote: jinsi alivyoitwa, jinsi masikio yalivyomwaka moto, jinsi alivyosema "pardon, Monsieur" mara tatu na mara ya tatu sauti ikatoka kama ya mbuzi.

Constance aliacha kutafuna. Hakuwahi kujua kwamba papa yake naye hukosea.

"Kama ya mbuzi?" aliuliza Rosalie, akisogeza sikio lake la kulia.

"Kabisa. Meee, pardon, Monsieur."

Rosalie alianza kucheka. Alipomaliza alisema kwamba naye, siku ile, sista alimsimamisha ukutani kwa sababu hakusikia kengele, na wasichana wengine walimcheka, na alikuwa hataki kurudi kesho. Alilisema haraka, kisha akatazama papa yake kuona litakalofuata. Évariste alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya kumrekebisha. Aliyameza. Akauliza, "Halafu ukafanya nini?" Mazungumzo yale yakaendelea mpaka Adolphine akawafukuza wakalale. Kesho yake, kabla ya kwenda ofisini, Évariste alipita shuleni akaomba Rosalie akalishwe mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima limwelekee sista.

Barua ya kamati ilikuja Juni. Ilisema maombi yameahirishwa, na mstari mmoja ulitaja "hali ya malezi nyumbani." Évariste aliisoma mara mbili, akaona kosa la herufi katika aya ya pili. Alitembea nayo mfukoni siku mbili, kwa sababu aliitamani karte ile kwa moyo wake wote na hakujidanganya kwamba haimuumi. Isidore alimshauri aombe tena mwaka ujao. Alisema ataona. Hakuomba.

Constance alipofika miaka kumi na mitano alifanya mtihani wa kuingia shule ya waalimu, na akaanguka. Ilikuwa Julai, mwaka wa hamsini na tisa, na mjini watu walikuwa wakizungumza mambo makubwa kuliko mitihani. Alipata habari asubuhi. Wenzake wawili walioanguka walijificha kwa shangazi zao wiki nzima. Constance alipanda kilima cha Bagira kwa miguu, jua likiwa kali, akamkuta papa yake amerudi kula, yuko mlangoni akifungua kamba za viatu.

"Papa, nimeanguka," alisema. "Na hesabu. Kifaransa nilipita, lakini hesabu niliandika tu ili nimalize. Sikuielewa tangu mwaka wa jana na niliona haya kusema."

Évariste alibaki na kiatu kimoja mkononi. Uso ulimbadilika, na Constance aliona, lakini hakukimbia.

"Kaa," alisema hatimaye, akisogea kumpisha kwenye ngazi. "Nionyeshe mahali ilikupotea."

Constance alitoa daftari kwenye mfuko.